Siku Nilipompima Somo Wangu Macho

Iko siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa kupenda. Inakuja yenyewe, kama mgeni aliyeizoea nyumba, wala haipigi hodi. Jana imekuja tena, na tangu ilipokuja sijatulia. Nimefagia ua mara mbili. Nimeosha masufuria yaliyokuwa safi. Nimetoka hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena, mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba Magomeni ambao yeye hajaambiwa. Nikamjibu hakuna msiba, namsubiri mtoto wa mdogo wangu. Sasa umefika, Zainabu. Kaa hapo mkekani. Hiyo mashine yako ya presha iache kwanza kwenye mkoba, tutaifikia.

Usinitazame hivyo. Mama mkubwa wako hajachanganyikiwa. Nataka kukuambia jambo ambalo mama yako analijua nusu, na marehemu mume wangu hakulijua kabisa.

Nilikuwa na umri kama wako, labda pungufu kidogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Mpapura naokota korosho, najiona nimesoma kuliko kijiji kizima. Wakaja watafiti wa macho. Walikuwa na gari jeupe, masanduku ya vifaa, na daktari mmoja mtu wa Kilimanjaro, Daktari Kimaro, mrefu, mpole, anayesema polepole utadhani kila neno ameletewa kwa zamu. Walitaka kujua jambo moja. Ile salfa, ule unga wa njano tunaopuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga na unaotutoa machozi kila msimu, je, unayaharibu macho kweli au unayawasha tu na kupita? Kila mtu pale kijijini alikuwa na jibu lake, na wengine walikuwa tayari kugombana kwa ajili ya jibu hilo. Wao walitaka jibu lililopimwa. Wangetupima kabla ya msimu wa kupuliza, kisha wangerudi mwaka unaofuata kuwapima watu walewale.

Walihitaji msichana anayejua Kimakonde na mwenye mwandiko mzuri, wakanichukua mimi. Wakanipa koti jeupe. Ungeniona ungecheka, lilinifika magotini, nami nilitembea nalo kijijini hata siku zisizo za kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Tulitundika kwenye ukuta wa ghala la korosho ubao wenye herufi E, kubwa juu, ndogo chini, zimegeuzwa kila upande. Tukanyoosha kamba ya mita sita. Mtu anasimama mwisho wa kamba, anaziba jicho moja kwa kiganja, nami nasimama kando ya ubao na fimbo nyembamba, nagusa herufi moja moja. Yeye anaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi, juu, chini, kushoto au kulia. Nikimaliza naandika kwenye fomu na kuweka saini yangu. Aliyeshindwa, hata kwa jicho moja tu, anaingia ndani ya ghala kwa Daktari Kimaro, akapimwe presha ya macho na kumulikwa ndani ya jicho. Aliyeona vizuri anapewa kipande cha sabuni, anakwenda zake.

Daktari alitufundisha siku ya kwanza. "Gusa herufi, nyamaza," alisema. "Hata usoni usionyeshe kitu. Hapo ulipo wewe ni sehemu ya ukuta."

Nilicheka moyoni. Nikasema, kazi gani hii, nani asiyeweza kuwa ukuta?

Siku ya nne akaja Binti Chitanda.

Wewe umezaliwa mjini, mwanangu, na unyago wako mliufanya juma moja la likizo kwa muziki wa spika, kwa hiyo acha nikueleze. Binti Chitanda alikuwa somo wangu. Ndiye aliyenifunda unyagoni, mimi na karibu nusu ya wanawake waliokuwa kwenye foleni ile. Kwetu somo hatazamwi machoni. Ukikutana naye njiani unapiga goti, unapokea mzigo wake kichwani hata kama yeye anarudi ulikotoka. Na akikosea jambo mbele ya watu, mwali wake hulifunika kosa lile upesi, kabla halijaonekana, kama vile angemfunika kanga ikimdondoka. Hilo tulifundwa kwa nyimbo na kwa fimbo.

Basi akasimama mwisho wa kamba, amejifunga kanga mpya kwa ajili ya daktari. Akaanza na jicho la kushoto. Alikwenda vizuri, hadi mistari ya chini kabisa. Wanawake waliokaa kwenye mabenchi nyuma yake wakanong'ona kwa fahari. Kisha akaliziba la kushoto, akabaki na la kulia.

Nikagusa ile herufi ya juu, kubwa kama sahani. Vidole vyake vitatu vilibaki hewani, havijui viende wapi. Halafu akaonyesha juu, na herufi ilikuwa imeelekea chini.

Mmoja nyuma akakohoa. Mwingine akasema, "Somo, si hiyo hapo kubwa?" Akazibwa mdomo na mwenzake. Jasho likanitoka ndani ya koti langu jeupe. Nilimwona mwanamke aliyenifunda kusimama wima, amesimama mbele ya binti zake wote kama mtoto aliyesahau somo darasani.

Nikagusa herufi ya pili. Na mkono wangu, mwanangu, ukafanya jambo ambalo sikuutuma. Ngoja, niseme kweli. Miaka yote hii nimejitetea kwamba sikuutuma. Niliutuma. Herufi ilielekea kulia, nami nilipoigusa niliiburuta fimbo kwenda kulia, taratibu, mkono mzima ukaifuata. Vidole vya Binti Chitanda vikaelekea kulia. Ya tatu ilielekea juu, nikainua kiwiko. Akaonyesha juu. Tukaenda hivyo hadi mstari wa chini, yeye na mimi, bila neno, kama tulivyokuwa tukicheza unyagoni. Tulipomaliza wanawake wakapiga vigelegele. Nikaandika kwamba macho yote mawili ni mazima, nikaweka saini.

Aliponipita akiwa na sabuni yake alinigusa bega. Basi nilivimba kichwa! Nilijiona mwali aliyefundwa akafundika. Siku nzima ile nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo inayonitia aibu zaidi kuliko mengine yote.

Mwaka ule nilizunguka na timu, Nanyamba na vijiji vya mbele yake. Nyumbani nilipita mara mbili tatu, haraka haraka, sikufika hata kumwamkia. Salfa ikapulizwa, korosho zikaokotwa, tukarudi Mpapura kupima tena.

Watu wakaja, yeye hakuja. Nikatumwa kumfuata. Nilipofika uani nikaona kamba ya katani imefungwa kwenye nguzo ya mlango, imenyooshwa hadi jikoni, na nyingine kutoka jikoni hadi chooni. Binti Chitanda alikuwa anakuja nayo, mkono mmoja juu ya kamba, mwingine umebeba kata ya maji. Nikapiga goti. Akapita mbele yangu bila kujua kuna mtu.

Tulimpeleka ghalani kwa kumshika mkono. Daktari Kimaro alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa na fomu mbili mkononi, ya mwaka jana na ya mwaka huu, anaziangalia kwa zamu. Akanieleza kwamba ugonjwa ule ni presha ya macho, unaanza taratibu, unakula miaka kabla ya kummaliza mtu. Hajaona mtu aliyekuwa na macho mazima akapofuka yote mawili ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo ama fomu ya mwaka jana ina makosa, ama salfa inafanya kitu machoni ambacho hakuna daktari aliyekijua.

Kisha akasema, "Fomu ni yako wewe, na kazi yako naiamini."

Nikanyamaza. Siku hiyo ndipo nilipokuwa ukuta.

Habari haikukaa ghalani. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba salfa imempofusha Binti Chitanda. Watu wakaanza kusema hawapulizi tena. Mzee mmoja alitoa mifuko yake akaimwaga shimoni. Na bila salfa, mwanangu, mikorosho ingeota unga mweupe, maua yangenyauka, na Mpapura isingekuwa na cha kuuza wala cha kumsomeshea mtoto. Daktari naye alianza kuandika barua kwa wakubwa wake. Yote hayo yalisimama juu ya saini yangu.

Siku mbili sikuweza kukaa. Nikikaa nasimama. Nikipewa chakula nakizungusha kwenye sahani. Mama yangu alinipa maji ya mwarobaini akidhani nina homa, nami nikayanywa yote, maana uchungu ule angalau niliujua ulikotoka.

Asubuhi ya tatu nikaenda kwa somo wangu. Nilimkuta anachambua mbaazi kwa vidole, anatupa mbovu bila kukosea. Nikapiga goti mbali kidogo.

"Sogea," akasema. "Unalia kimyakimya kama vile sina masikio."

"Somo, siku ile ya ubao..."

"Siku ile sikuona herufi hata moja kwa jicho lile. Niliona kivuli cha nkono wako tu." Hakuacha kuchambua mbaazi. "Nikajua unafanya nini, nikaupokea. Wanangu wote walikuwa nyuma yangu wananitazama, nikaona haya. Nzee kuona haya ni mambo ya kawaida. Lakini wewe, ntoto, ulikuwa na kazi."

"Nilikuwa nakuheshimu, somo."

"Nilikufunda unifunike nguo ikinivuka mbele za watu. Nani alikufunda unifiche kwa daktari?"

Akatupa mbaazi nyingine mbovu.

"Lile la kulia lilikuwa limeshakufa, limebaki la vivuli," akasema. "Nilikuwa na moja. Ningeingia ndani ya ghala siku ile, wangeniambia linakwenda kama mwenziwe. Nilikaa nalo mwaka nzima, najiambia si nimepimwa, si mwali wangu kaandika ni zima? Likawa linapungua nikasema ni uchovu. Hata mimi niliiamini fomu yako."

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Sasa nyanyuka ukamwambie. Watu wanamwaga salfa kwa ajili ya macho yangu, na salfa hii haijanifanya kitu. Nenda kabla jua halijawa kali."

Nikaenda. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nakimbia na koti liko mkononi. Nikamweleza Daktari Kimaro yote, fimbo, kiwiko, vigelegele. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitaka anipigie kelele, ingekuwa nafuu. Akauliza swali moja.

"Umewasaidia wengine wangapi?"

"Yeye peke yake, daktari."

"Nami nitajuaje?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Akafungua sanduku, akaanza kutoa fomu zote zenye saini yangu, za Mpapura, za Nanyamba, za kila mahali tulipopita. Watu walioacha mashamba yao wakapanga foleni juani. Vikongwe waliobebwa kwenye baiskeli. Akazipanga pembeni, rundo kwa rundo, na juu ya kila rundo akachora mstari mwekundu wa kuzifuta. Barua aliichana. Jioni ile aliita mkutano akawaambia watu kwamba kosa lilikuwa la timu yake na wasimwage salfa kwa sababu hiyo. Hakunitaja jina. Nilisimama mwenyewe nikajitaja.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kama ningeandika ukweli, jicho la kushoto lingepona. Hakunidanganya. Alisema kilichokwisha kufa hakirudi, lakini lile lililobaki, kwa dawa ya matone kila siku, huenda angekuwa nalo hadi leo. Neno lile "huenda" nimelala nalo na kuamka nalo maisha yangu yote. Na swali lao kuhusu salfa lilibaki bila jibu mwaka ule. Mpaka sasa mtu akiniuliza kama salfa inaharibu macho, mimi niliyewahi kuvaa koti jeupe, nanyamaza.

Binti Chitanda aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa namwendea kila Ijumaa, namwogesha, namsimulia nani amejenga, nani amenenepa. Alipenda umbeya kuliko chakula. Hakunikumbusha jambo lile hata mara moja. Ila kila nilipomwambia kanga yake ni safi, alikuwa anauliza, "Safi kweli, au safi ya mwali?" Nami nilikuwa naitazama tena vizuri, nikikuta doa namwambia liko wapi.

Baadaye nilipata kazi ya uhudumu zahanati, kazi ya mizani. Watoto wote wa upande ule wamepita mikononi mwangu. Kila mtoto niliyemning'iniza nilisoma namba kwa sauti, mama yake aisikie, hata ikiwa ndogo ya kusikitisha, hata mama mwenyewe akiwa shoga yangu. Waliniita roho mbaya. Niliwaacha waniite.

Sasa tuje kwako.

Jana umekuja na kishikwambi chako, kwa sababu nyumba yangu imeangukia miongoni mwa zile zilizochaguliwa kwenye utafiti wenu wa moyo. Mnapima presha mara tatu, mnachukua damu ipelekwe maabara wakaangalie chembe zake, mnaandika, na baada ya miaka mtarudi kuona moyo wa nani umechoka na kwa nini. Kazi nzuri. Ulipoipata niliona fahari, nikawaambia watu hadi sokoni.

Mashine ikasoma mia moja na themanini na nane. Ukasema, "Mama mkubwa umetoka kutwanga kisamvu, hiyo tuiache." Ya pili ikasoma juu vilevile. Ya tatu hukupima. Ukaandika mia moja na ishirini na nane, ukanishika shavu, ukasema niko kama msichana. Ulidhani sioni. Mwanangu, nimesoma kadi za zahanati kutoka upande wa pili wa meza miaka thelathini. Kilichopinduliwa nakisoma haraka kuliko kilichosimama.

Najua kwa nini ulifanya vile. Babu yako alianguka kwa moyo shambani, nawe ulikuwepo. Hukutaka jina langu liingie kwenye orodha ya wanaoitwa hospitali, hukutaka kunitisha, na pengine uliona si adabu mtoto kumwambia mama yake mkubwa kwamba damu yake inapanda. Yote hayo ni mapenzi. Nimeyaona na nimeyapokea.

Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wangu wa tangu jana. Niliuona mkono wako, Zainabu, nikaupokea. Nilinyamaza nikafurahi kuitwa msichana. Kichwa kimekuwa kinanigonga miezi miwili, usiku napumua kwa shida, na nilipoona namba ile ya uongo nafsi yangu ilipumzika! Mimi, ambaye nayajua haya yote! Ulipotoka tu mlangoni, Binti Chitanda akaingia na kamba yake mkononi, ndiyo maana unauona ua huu unang'aa kwa kufagiwa.

Basi sikia, na hili ulishike. Mtu uliyetumwa kumpima, akiwa mama yako, akiwa shehe, akiwa aliyekufunda, mpime kama usiyemjua. Heshima yako mpe kabla ya kipimo na baada ya kipimo. Mwamkie, mpokee mzigo, mshike mkono, lia naye ukitaka. Lakini katikati pale, mashine inaposoma, wewe huna mama. Andika kilichosoma. Ukikosea sema siku hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kumwaga vitu vyao. Usidhani umemsaidia mtu mmoja tu, maana yuko mwingine asiyekujua, mbali huko, atakayetibiwa kwa namba uliyoiandika wewe. Na mzee akiona haya, mwache aone haya. Haya inapita. Jicho halirudi, na moyo nao, nafikiri, ni hivyohivyo.

Leo utamwambia mkubwa wako kazini ulichofanya jana. Nitakusindikiza mpaka getini, ndani utaingia peke yako. Kama watakutoa kazini, utarudi hapa utakula, tutatafuta nyingine.

Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, mwanangu, na mkono usiomuogopa mtu unapokiandika. Akulinde na sifa za foleni. Wanao wakikua wakuambie ukweli hata ukiuma, nawe uwe na nguvu ya kuwashukuru. Na wazee utakaowapima wote waishi wakuone umezeeka.

Haya, toa mashine yako sasa. Masharti yenu yanasema mtu akae dakika tano ametulia, miguu chini, bila kusema neno. Mimi sijawahi kunyamaza dakika tano tangu nizaliwe, mama yako ni shahidi. Leo nitanyamaza. Mkono huu hapa, ufunge vizuri. Pima mara tatu, na kila namba unisomee kwa sauti.